Nani Atakaa Pale pa Koki?

Wasee, mimi nimewahi kupandishwa cheo na kumwaga unga kabla chai yangu haijapoa.

Ilikuwa mwaka wa sabini na tisa. Tulikuwa tumehamia mtaa wa Umoja juzijuzi, mke wangu Mukai ana mtoto mchanga, nami nikichapa kazi kwenye kiwanda cha sufuria.

Asubuhi hiyo, mashine ya kukata vifuniko ilimkata mwenzetu Koki vidole.

Mashine hiyo ilikuwa na kinga ya chuma ya kuzuia mikono. Wiki hiyo kinga ilikuwa imetolewa ili kazi iende mbio.

Koki akakimbizwa hospitali kwa lori la kiwanda. Nyapara wetu, Zedekiah, akazima umeme, akasimama mbele ya swichi.

Huyo Zedekiah hatukumpenda. Ukichelewa kidogo, anakurudisha nyumbani. Ukicheka, anakuandama siku nzima.

Meneja, Bwana Phares, akafika akihema. Akasema Koki alikuwa mzembe, damu ipanguswe, kazi iendelee. Zedekiah akamwambia bila kinga haiwashwi.

Akafutwa papo hapo.

Kisha meneja akanigeukia.

"Maingi, kuanzia sasa wewe ndiye nyapara. Washa mashine."

Nikamfikiria Mukai na mtoto. Nikaenda mpaka kwenye swichi.

Zedekiah hakunizuia. Alisogea kando tu, akasema polepole, "Ukiwasha, chagua nani atakaa pale pa Koki."

Nikageuka kuwatazama wenzangu. Wayua akatazama sakafu. Anyango akaficha mikono ndani ya aproni.



Nikamwangalia meneja.

"Kaa wewe, bosi."

Alidhani natania. Alipoona hakuna anayecheka, akanifuta pia, akampa Wayua unyapara. Wayua akamwonyesha kile kiti.

Meneja akavua koti, akaketi kwa hasira. Akapeleka mikono chini ya chuma. Damu ya Koki ilikuwa haijakauka.

Akairudisha mikono. Akainuka, akamwita fundi aje arudishe kinga.

Kabla ya jioni mimi na Zedekiah tulikuwa tumerudishwa kazini. Watu walitaka kumbeba Zedekiah juujuu, akakataa. Akaniomba nimsindikize hospitali.

Kando ya kitanda alivua kofia.

"Koki, ile kinga niliifungua mimi. Niliagizwa, lakini nilijua ni hatari."

Siku nzima tulikuwa tukimwita shujaa.

Koki alimtazama, mkono wake umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko.

"Imerudi?"

"Imerudi."

"Basi isitoke tena. Na msamaha usiniombe leo."

Zedekiah akaitikia kwa kichwa. Kesho yake asubuhi alitukusanya, akatwambia sote yale aliyomwambia Koki.

Nimefanya kazi chini ya mabosi wengi tangu siku hiyo. Wa kumkatalia meneja nimewaona kadhaa. Wa kwenda kusimama mbele ya mtu aliyemuumiza, na kusema ni mimi, sijamwona mwingine. Ukipewa watu uwaongoze, anzia hapo.