Baba Mkwe Ubaoni

Mokami wa Nyanungu haogopi ng'ombe mkali wala mkaguzi wa shule, lakini Jumamosi ile aliingia darasani akitamani kurudi nyumbani. Ni mwalimu wa shule ya msingi, anasomea digrii ya hisabati kila wikiendi mjini Tarime, kwenye ukumbi wa kupanga pale Nyamisangura. Somo hili alishalifeli mara moja. Akilifeli tena, safari imeishia hapo.

Masharti ya mhadhiri, Madamu Honoratha, yalibandikwa mlangoni tangu siku ya kwanza: kila mmoja apande ubaoni athibitishe hesabu yake, na mwenzake aliyepangiwa amkosoe mbele ya wote, kwa mdomo. Asiyesema hana alama.

Kusema kwenyewe kusingemtisha, mdomo anao. Balaa ni kwamba yeye kapangiwa kumkosoa mzee Nchagwa, mwalimu mkuu anayekimbizana na digrii kabla ya kustaafu, na ndiye baba mzazi wa mumewe! Mkurya gani anamsahihisha baba mkwe? Nyumbani hata mkono hampi, na mzee akiingia uani, yeye huyo, nyuma ya ghala. Darasani miezi mitatu wamekaa pembe hii na pembe ile, kama jua na mwezi.

"Madamu, nibadilishie mtu," alishaomba.

"Namba hazina ukoo," Honoratha alimjibu. Mtu wa Bukoba, atajua nini?

Sasa mzee alikuwa ubaoni, chaki inalia. Mstari wa nne akagawanya pande zote kwa x. Mokami akashtuka. Nani kasema x si sifuri? Kama ni sifuri, hapo kagawanya kwa sifuri, na yote yanayofuata ni nyumba isiyo na msingi.

"Mokami?" Honoratha aliita, kalamu mkononi.

Mokami akainama. Akamnong'oneza jirani yake, "Evance, mwambie baba aangalie mstari wa nne."

"Mimi ni redio yako?" Evance akacheka. "Basi na alama tugawane."

"Kwa mdomo wako, Mokami. Nahesabu mpaka kumi."

Akasimama. Akakaa. Akasimama tena. Saba. Nane. Mzee Nchagwa akaweka chaki, akakung'uta mikono, akatoka nje, akasimama karibu na dirisha, mgongo kwao.

"Humo ndani sasa hakuna mkweo," akasema kutoka huko. "Kuna hesabu tu. Sema, mkamwana."

Mokami akaukazia macho ubao. "Mstari wa nne umegawanywa kwa x. Na x ikiwa sifuri?"

"Nimeandika juu kwamba si sifuri!"

"Hukuandika, baba. Mstari wa kwanza unasema ni namba yoyote. Usome."

"Niusome na nimetoka nje?"

Darasa likaangua kicheko. Mokami hakucheka. Akamsomea, sauti ikipanda, mstari kwa mstari, kama anamsomea mtoto wa darasa la pili. "Ilitakiwa uanze na sifuri peke yake, ndipo ugawanye zilizobaki."

Nje, mzee akajipiga paji la uso. Kisha: "Lo! Kweli."

Honoratha akaandika alama. Mokami akaketi.

"Jumamosi ijayo unapanda wewe," sauti ikaja tena dirishani, "na mkosoaji ni mimi. Sitakuonea haya."

Mokami alishafungua daftari lake, anatafuta shimo katika hesabu yake kabla mzee hajaliona.