Aliyejifunza Kumkatiza Kapteni

Saa moja na robo asubuhi, mwanamke wa miaka thelathini na moja anafunga mkanda ndani ya ndege isiyokwenda popote. Ni chumba cha mafunzo kilichoinuliwa kwa miguu ya chuma, na mawingu yanayoonekana kiooni ni ya kompyuta. Anaukaza mkanda mara ya pili, kisha ya tatu.

Ana haki ya kuhofu. Wiki tatu zilizopita alifeli humu humu. Akifeli na leo, nafasi yake ya urubani msaidizi anapewa mwingine.

Kwa miaka sita alikuwa mhudumu wa ndege, akiwapelekea makapteni chai. Kisha akajitosa kusoma: mitihani kumi na mitatu ya maandishi, saa mia mbili za kurusha ndege ndogo, daktari kumpima macho, masikio na moyo. Leseni akaipata. Ukadhani yameisha? Wapi! Kila aina ya ndege kubwa ina mtihani wake.

Na kilichomwangusha ni nini? Adabu.

"Kapteni mtahini alishusha ndege kupita kiwango makusudi, anipime," anasimulia. "Nilimwona! Lakini yule ni mtu mzima, nimemwamkia miaka sita. Nikasema 'samahani, Kapteni' kama naomba chumvi. Tukagonga mlima."

Kanuni ni kavu: msaidizi akiona kosa, aseme. Asipojibiwa, arudie. Akinyamaziwa tena, achukue usukani.

Basi akafanya mazoezi kwa mama yake, fundi cherehani. Mama anapindisha mshono makusudi, binti anapaza sauti.

"Alinifokea mpaka nikatamani kumchapa," mama anacheka. "Siku ya tatu nikamwambia, mwanangu, umeiva, sasa niondokee hapa nina nguo za watu."

Leo, dakika ya arobaini, mtahini anashusha ndege huku akitazama pembeni.

"Kapteni, kimo!"

Kimya.

"Kapteni, tumepita kiwango, pandisha!"

Kimya. Mkono wa binti unakamata usukani. "Nachukua mimi," anasema, na pua ya ndege inainuka.

Wanapotoka, mtahini anasema neno moja tu: "Umepasi." Binti anaegemea ukuta na kulia waziwazi, bila haya.

Mwezi ujao anaanza kuruka na abiria, kapteni mkufunzi akiwa kando yake. Na baadaye?

"Nataka kiti cha kushoto, cha kapteni," anasema akijifuta machozi. "Na atakayekaa kulia kwangu, nitamwambia siku ya kwanza kabisa: mdogo wangu, nikikosea, nifokee."