Kisu Kisichopitishwa Motoni

Mama mkwe wangu alikuwa na miti kumi na minne ya karanga za miti, hizo ambazo siku hizi wanaziita makadamia. Mbegu alizileta baba mkwe mfukoni kutoka shamba la chai alikokuwa kibarua, huko Mufindi, na alipofariki miti ikabaki ya mama. Ilisimama mstari mmoja, kuanzia mlangoni hadi bondeni, na hakuna aliyeruhusiwa hata kuiegemea. Nilikuja pale kuolewa mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikitokea upande wa Tukuyu, Kihehe sikijui. Kazi ya kwanza niliyosifiwa ukweni ilikuwa kuitazama miti hiyo. Majina ya watu wote wa wakati ule ninayo, hata ya mbuzi, lakini wana wao wapo hai, nitayaacha.

Mti wa tatu ndio ulioanza kuugua. Chini karibu na udongo gome lilikuwa limegeuka jeusi, bichi bichi, kama limemwagiwa maji na hayakauki. Palikuwa na ufa mwembamba, na kwenye ufa utomvu wa kahawia unaonata. Juu, majani ya tawi moja tu yamepauka. Mengine yote mazima. Nikamwita mama, mama akamwita bwana shamba aliyekuwa akipita na baiskeli yake.

Alichuchumaa, akatoa kisu, akakwangua gome kiasi cha ukucha.

"Tazama hapa, mama. Ukikwangua ukakuta kibichi na weupe, mti mzima. Ukikuta kahawia inayolowa, hiyo ni kuvu, dada yake ile inayoota kwenye mahindi yaliyonyeshewa. Imeingia kwenye jeraha. Inakula gome kuzunguka, na ikishakutana nyuma, hapo huna mti."

Akaniambia nipime miti yote kila wiki. Alipokuwa anapanda baiskeli akageuka. "Kisu ukipitishe motoni kabla hujagusa mti mwingine. Kila mti. Umesikia?"

"Nimesikia, bwana shamba."

Kusikia nilisikia. Moto ndio uliokuwa kazi. Asubuhi za kule ukungu unalowesha hata kope, na kijinga cha moto nilichotoka nacho jikoni kilizimika nikiwa mti wa pili. Kiberiti mama mkwe alikifunga kwenye pindo la kitenge chake, maana njiti zilikuwa adimu, na mkamwana aliyekiomba mara mbili kwa siku aliulizwa kwao walikuwa wanawashia nini. Kwa hiyo nilikichoma kisu kwenye mti wa kwanza, baada ya hapo nikawa nakifuta kwa nguo yangu na kuendelea. Kwa macho kilikuwa safi.

Ukaugua wa nne. Ukaugua wa tano. "Mama, na wa sita pia," nikamwambia siku moja, na mama akasema, "Una macho wewe." Nikafurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Jirani yetu alikuwa mjane wa huko huko kwetu, aliyeolewa Uheheni miaka mingi kabla yangu. Kila asubuhi alinisalimu kwa lugha yetu, "Ugonile," na kwa neno hilo moja nilijiona nimefika nyumbani. Yeye ndiye aliyenifundisha Kihehe, na namna ya kunyamaza mama mkwe anapofoka. Mali yake ilikuwa mbuzi watano. Siku moja walikata kamba wakaingia kwetu, na mama mkwe akakuta manyoya yao kwenye gome la mti wa tano. Akaenda moja kwa moja kwa balozi wa nyumba kumi.

"Mbuzi wako wana meno au wana misumeno?" mama mkwe alimwuliza mbele ya watu.

"Dada, walipita mara moja, wakajikuna. Kujikuna nako kosa?"

"Wakajikune kwa mwenye mbuzi!"

Watu wakacheka. Balozi akanigeukia mimi. "Mkamwana, wewe ndiye mwangalizi. Mbuzi uliwaona kwenye miti?"

Jirani yangu alinitazama bila wasiwasi, kama mtu aliyekuja na shahidi wake.

"Niliwaona," nikasema.

"Walichubua magome?"

"Walijisugua."

Nikaishia hapo. Mti wa tatu uliugua kabla mbuzi hawajakanyaga kwetu, na mtu wa kulisema hilo nilikuwa mimi. Lakini mama mkwe alikuwa ameketi ubavuni mwangu. Jirani akaamriwa atoe mbuzi jike mmoja, mwenye mimba. Alimleta mwenyewe, akamfunga kwenye nguzo yetu, akaondoka. Kesho yake alinisalimu kwa Kihehe, "Kamwene," kama anavyomsalimu mpita njia.

Bwana shamba alirudi mvua zilipopungua. Miti tisa ilikuwa imeshaugua. Alisimama mlangoni akautazama ule mstari, wa tatu, wa nne, wa tano, mpaka wa kumi na moja.

"Mbuzi hawali kwa foleni," akasema. "Nani anapima?"

Nikampa kisu. Utomvu ulikuwa umekaukia kwenye mpini. Hakuniuliza zaidi. Alisema yote tisa ikatwe na kuchomwa, akaenda zake.

Mama mkwe alisikia kila neno. Alifungua pindo, akatoa kiberiti, akakiweka mkononi mwangu. "Ungeniomba," akasema. Halafu akasogea karibu. "Na kwa jirani usiende kusema. Shauri lilikwisha mbele ya watu. Unataka nionekane mwizi wa mbuzi?"

Watu walipoanza kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, jirani aliamua kumfuata kaka yake Madibira. Nilimbebea vyungu vyake kichwani mpaka Nyololo, kwenye lori. Njia nzima tulikuwa wawili tu. Kila tulipopanda kilima nilisema moyoni, tukifika juu nitamwambia. Tukifika juu alikuwa anahema, nami nikamwachia apumzike.

Lori lilipowasha ndipo aliponiambia kwa lugha yetu, mara ya kwanza tangu siku ile ya balozi, "Yule mbuzi ana chuchu moja iliyoziba. Akizaa wawili, mmoja mnyweshe kwa mkono, la sivyo atakufa."

"Nitamnywesha."

"Na wewe ujitunze, mwanangu."

Mbuzi alizaa wawili kweli, nikamnywesha mdogo kwa mkono mpaka akasimama. Nilipanga nimpelekee jirani mwanambuzi huyo Madibira, na yale maneno ya kisu nimpelekee. Mwaka ukapita, na mwingine. Abiria mmoja akaja kutuambia kwamba jirani amefariki na ameshazikwa, na mama mkwe akaniambia nifunge kazi siku hiyo, nilie. Nililia. Yeye naye alilia, tumekaa pamoja jikoni, na hakuna aliyemtaja mbuzi.