Chuo cha Juu ya Duka la Misumari

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, kila nikuonapo umeinamia simu ukitazama picha za vyuo. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na matokeo yangu yalikuwa ya kati, si ya kujivunia wala ya kujificha. Tulikaa hapa hapa mtaa wa Satellite, Nairobi, kabla ghorofa hizi hazijatuzibia jua. Babangu alikuwa dereva wa familia moja huko Spring Valley, mtaa wa matajiri. Kila asubuhi aliwapeleka watoto wa wenyewe shuleni, na kila jioni alirudi akiwa amezidi kuamini kwamba mimi nami lazima nivae koti jeupe la hospitali.

Basi akapata chuo. Au niseme chuo kilimpata yeye. Kijana mmoja nadhifu alisimama nje ya kanisa letu akigawa karatasi: diploma ya maabara ya hospitali, muda mfupi, kazi inakungoja. Baba akatangaza ibadani, nikaombewa mbele ya watu wote. Baada ya hapo, nani angethubutu kuuliza swali?

Shangazi Wangari aliuliza. Yeye ni dada mkubwa wa baba, wakati huo akiwa karani katika ofisi moja ya serikali mjini, mwanamke wa maneno machache.

"Hiyo maabara umeiona?"

Nikamwambia bado.

"Basi kesho twende tuione."

Kusema kweli, sikumwamini. Mwanawe alikuwa amefeli mtihani ule ule, na mama alikuwa amenong'ona jikoni kwamba wivu wa ndugu ndio mkali. Nilitembea nyuma yake barabara nzima ya River Road mjini, watu wakitupiga vikumbo, nikiutazama mgongo wake na kujiuliza ni nini hasa anachotaka kuniharibia.

Chuo kilikuwa ghorofa ya juu, chini yake duka la misumari na mabati. Mkurugenzi alitupokea vizuri, vizuri mno. Akatuketisha, akaagiza soda. Shangazi hakuigusa yake. Alisema tungependa kuona maabara. Mkurugenzi akatabasamu: maabara ilikuwa katika jengo lingine, na leo ilikuwa ikipakwa rangi.

"Jengo gani?"

"Ni hapo tu mbele, mama."

"Basi mtu atupeleke."

Ikawa mwenye funguo hayupo. Niliona aibu, nikamvuta shangazi nguo tuondoke. Nilimhurumia yule bwana, mwanangu, jinsi alivyokuwa akihojiwa kama mwizi.

Tuliposhuka, shangazi hakwenda popote. Alisimama kando ya mlango wa ngazi, mkoba ameubana kwapani. "Yule analipwa kujibu," aliniambia. "Wewe uliza wanaoshuka."

Akashuka msichana mwenye koti jeupe. Tulisalimiana, akaniambia anaitwa Mwende, kwao ni Kitui. Nikamuuliza kama chuo ni kizuri.

"Chuo iko sawa," alisema haraka. "Walimu pia wako sawa. Wewe ingia tu."

Nilimgeukia shangazi kwa ushindi. Alikuwa akitazama barabara kana kwamba hasikii. Nadhani nilitaka kumfunga mdomo kabisa, maana nilimuuliza Mwende tena: "Na damu ukiiangalia kwa hadubini, inakaa aje?"

Mwende alitazama juu ya ngazi. Kisha akanishika mkono, tukavuka hadi upande wa pili wa barabara, shangazi akatufuata.

"Sijui," alisema. "Hatujawahi kuishika. Tunachora tu kutoka kwa kitabu. Na mimi namaliza mwaka huu."

"Mbona basi umeniambia niingie?"

"Mkurugenzi alituambia tukiongea vibaya chuo itafungwa, na diploma zetu zitakuwa bure. Na mamangu ameshaambia kijiji chote mimi ni daktari." Alikuwa akilia sasa, lakini kwa kujificha, akijifanya anapangusa jasho.

Niliogopa, mwanangu. Mkurugenzi hakunitisha, watu wa maneno matamu wamekuwepo tangu zamani. Kilichonitisha ni kuona kwamba aliyedanganywa ndiye aliyepewa mlango aulinde.

Shangazi alimpa leso. "Diploma hiyo tayari ni bure," alimwambia. "Wewe bado si bure." Kisha akanigeukia mimi. "Nyumbani utasema wewe. Nikisema mimi, ndugu yangu atasikia wivu tu."

Kumbe alijua. Niliinamisha macho.

Nilisema, na baba hakuniamini. "Mchagua jembe si mkulima," alinijibu, na kesho yake akavaa koti la Jumapili akaenda mwenyewe. Alirudi akiwa amekunywa soda na kusifiwa. "Yule ni mtu wa Mungu," alisema, "na dada yangu ana sumu." Nikamwambia siendi. Sikuwa nimewahi kumkatalia. Kwa miezi alinisalimu kupitia kwa mama, na shangazi akaacha kuja kwetu. Kanisani wengine walisema nimekataa baraka, wengine wakasema nina mimba.

Mimi, shangazi na Mwende, aliyekuwa ameacha chuo kile, tulitoka ofisi hii tukaingia ile, hadi tukajua ni vyuo gani vinavyotambuliwa na wale wanaotoa leseni za maabara. Mwaka uliofuata tukapata nafasi, mimi na Mwende, katika chuo kimoja cha umma. Mwende alikuwa mkubwa kuliko darasa zima. Walipomuuliza sababu, aliwaeleza bila kuficha.

Siku moja baba alipita River Road kununua kufuli. Aliporudi alikaa kitini muda mrefu bila kuvua viatu. Chuo hakikuwepo tena. Kibao kilikuwa kimeng'olewa, na ndani ya chumba kile mtu aliuza mapazia ya mitumba. Wazazi wa wanafunzi walikuwa wamesimama kwenye ngazi wakimuuliza kila anayepita chuo kimehamia wapi. Baba hakuniomba msamaha; wanaume wa rika lake hawakujua neno hilo huanzia wapi. Alimwambia mama: "Jumapili pika chapati. Dada yangu aitwe, aje tule."

Basi sikiliza. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Chuo kinachokufuata kwa simu kikisema nafasi zinaisha leo, kishuku. Omba kuona chumba utakachosomea na vyombo utakavyoshika. Ukizungushwa, nenda zako. Watafute waliokwisha kumaliza, kwa maana anayesoma bado ana tumaini la kulinda. Ukitaka kujua kama kozi inatambuliwa, usikiulize chuo, waulize wanaoitambua. Lakini shaka isikulaze nyumbani. Shaka isiyo na miguu ni umbea. Na anayekuuliza swali gumu kabla hujaingia, hata likikuuma, mpe kiti, kwa kuwa wanaokupigia makofi hawatakuwepo siku ya kuanza upya.

Mungu akupe jicho kali na ulimi usioona haya kuuliza. Akujalie walimu wanaojua wanachofundisha. Na mikono yako, mwanangu, iweze kufanya kila neno litakaloandikwa kwenye diploma yako.