Maneno Niliyomtafsiria Baba

Mwalimu wetu alikuwa mtu wa bara, mwenye subira ambayo mimi sijaipata hata sasa nikiwa bibi wa watu. Kila Alhamisi alichora herufi tatu ubaoni, akatuambia tumletee Jumatatu neno la Kiingereza lenye herufi zote tatu, tena liwe refu kuliko ya wenzetu. Mshindi alipewa penseli mpya. Mimi nilikuwa msichana pekee katika darasa lile, pale Garissa, na penseli hizo nilizitaka zote. Sikuwa na haya.

Tatizo ni kwamba mtoto wa inspekta wa polisi alikuwa na kamusi kwao. Sisi nyumbani tulikuwa na msahafu tu. Kwa hiyo maneno niliyawinda nje: kwenye makopo ya maziwa, ubavuni mwa malori, kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Mwalimu alikubali hata maneno yanayofuatana, mradi yametoka mahali pamoja. Siku aliyotaka K, L na Y, nikampelekea kutoka kwenye ile chupa "keep in a cool dry place". Alicheka sana, akauliza kama kuna mtu yeyote hapa Garissa anayepajua mahali penye ubaridi. Wenzangu wakacheka. Nami nikacheka, ingawa sikujua tunacheka nini.

Lakini mawindo mazuri kuliko yote yalikuwa kwenye ubao wa matangazo, nje ya ofisi ya DC, mkuu wa wilaya. Vita vya shifta, wale waasi waliopigana na serikali, vilikuwa vimetubana. Jua likizama hutoki, na ngamia hawaendi malishoni bila ruhusa. Mambo hayo yote yalikuja kwenye karatasi, Kiingereza kitupu. Wazee walisimama mbele ya ubao wakingoja mtu wa kuwasomea, nyuso zimewakauka. Mimi nilisimama katikati yao nikihesabu herufi. Mungu anisamehe.

Baba yangu, aabo, alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi. Jioni, akishaswali, aliniita nimsomee maneno mapya. Kwetu Wasomali mtoto hufundishwa kuwataja babu zake, mmoja baada ya mwingine, mpaka wa kumi, mpaka wa ishirini, bila kukwama. Maneno ya Kiingereza nami niliyapanga vivyo hivyo, na aabo alifumba macho akisikiliza. Kisha aliuliza, "Na maana yake?"

Hapo ndipo nilipojipalia makaa. Maana sikuijua hata kidogo. Mwalimu alituelezea kila Jumatatu, lakini mimi muda huo nilikuwa nikiitazama penseli. Na ningemwambiaje baba kwamba sijui? Alikuwa amegombana na ndugu zake watatu ili nisome. Basi nikatunga. "Notwithstanding" nikamwambia ni mtu mwenye mifugo mingi. Ile ya chupa ya dawa nikamwambia ni dua ya msafiri. Na "confiscation", niliyoitoa kwenye ubao wa DC wiki ya F, S na C, nikasema ni mtu mwaminifu ambaye serikali haina neno naye. Hiyo aliipenda kuliko zote.

Wakati shule zimefungwa alipata ruhusa ya kwenda Modogashe kununua mbuzi. Kabla ya kuondoka aliniomba nimwandikie hayo matatu kwenye karatasi moja, kwa mwandiko mzuri. Nikayaandika, nikijiona mtu wa maana sana. Aliikunja karatasi pamoja na kibali chake, akaitia mfukoni.

Siku ya pili habari ikafika kwamba wameshikwa kwenye kizuizi, yeye na mwenzake wa safari, mchungaji wa mifugo kutoka Balambala asiyejua Kiswahili hata neno. Mchungaji yule alikuwa na hofu, hana kibali kamili. Kwetu hunywi maji safarini mwenzako akikutazama. Mkiwa na kikombe kimoja, kinagawanywa. Basi aabo aliichana karatasi yangu katikati, akampa nusu. Askari walipowapekua, wakakuta watu wawili wenye vipande viwili vinavyoshikana. Wakaona hii ni ishara ya shifta. Nani angewalaumu? Mimi niliwalaumu, tena kwa miaka mingi.

Hooyo, mama yangu, na mimi tulikwenda kambini asubuhi ya siku ya tatu. Watu walikuwa wakisema kwamba wanaoshikwa namna ile hupelekwa mbali, na wengine hawasikiki tena. Afisa alikaa mezani ndani ya hema, vipande vyangu viwili mbele yake. Baba na yule mchungaji waliletwa kutoka ndani ya seng'enge, wakakalishwa chini. Midomo ya baba ilikuwa imepasuka kwa kiu.

"Mwandiko wa nani huu?"

Nikasema ni wangu. Nikamweleza habari za mwalimu, herufi tatu na penseli. Alinisikiliza bila kuniamini. Kisha akaweka kidole juu ya neno moja. "Hili maana yake nini?"

Kabla sijafungua mdomo, baba akajibu kwa Kiswahili chake, shingo imenyooka. "Hiyo ni mtu mwaminifu. Serikali hana neno naye."

"Nani amekwambia?"

"Binti yangu. Yeye nasoma."

Afisa akaligonga neno lile kwa kidole. "Mzee, hili neno ni kunyang'anywa mali. Liko kwenye tangazo la mifugo yenu. Ninyi mmelipa maana yenu wenyewe, mkaligawana. Hiyo ndiyo ishara ninayoitafuta."

Nikaelewa papo hapo. Kadiri baba alivyoniamini ndivyo alivyozidi kujifunga. Wa kumfungua ni mimi tu, na kwa njia moja tu.

"Nilimdanganya," nikasema. "Maana sijui. Nilitunga."

"Na hili?"

"Sijui."

"Hili la mwisho ulimwambia ni nini?"

Nilitamani ardhi ipasuke. "Dua ya msafiri."

Afisa akaisoma kwa sauti, akawatafsiria askari wake: iweke mahali pakavu penye ubaridi. Hema zima likaangua kicheko. Mmoja alijishika mbavu. Afisa naye alicheka mpaka akafuta macho, kisha akavisukuma vile vipande ukingoni mwa meza na kusema waende, wote wawili, asiwaone tena.

Baba hakucheka. Aliviokota vipande, akainuka polepole kama mtu mwenye maumivu ya mgongo.

Nje ya lango mchungaji alianza kuomba nusu yake kwa Kisomali. Hakuwa ameelewa lolote la ndani ya hema. Alijua tu kwamba karatasi imesomwa kwa sauti na wao wameachiliwa. Aabo hakumweleza kitu. Alimpa vipande vyote viwili.

Njia nzima nilingoja nichapwe. Sikuchapwa, wala sikuambiwa neno. Hooyo ndiye aliyezungumza, habari za maji na uji. Wallahi, bora baba angenichapa. Jioni hiyo aliswali, na hakuniita nimsomee. Wala kesho yake.

Shule ilipofunguliwa nilimwendea mwalimu na orodha yangu yote, nikamwomba anifundishe maana, neno kwa neno. Ilichukua miezi. Penseli niliziacha zichukuliwe na mtoto wa inspekta. Mwaka uliofuata nilifaulu mtihani, na barua ikaja kutoka shule ya sekondari, ya Kiingereza, ukurasa mmoja. Wakati huo ningeweza kuisoma mara moja bila kukwama na kumweleza baba kila neno kwa Kisomali.

Aliipokea mlangoni, akaigeuza mbele na nyuma. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani, hatua mbili kutoka kwake. Alivaa kofia yake, akatoka na barua kwenda kumtafuta karani wa kumsomea, nami nikabaki pale nikimngoja arudi aniambie imesema nini.