Mama Aliyetaka Mwanawe Aonekane

Jumamosi nilikuwa nasukwa saluni, mtaa wa Bellevue, Johannesburg, alipoingia mlinzi mmoja Mkongomani na sare zake, mama yake mzee akimfuata nyuma.

Mlinzi akamwambia msusi, "Nipake rangi ya fedha mashavuni, ile inayometameta. Jioni bendi yetu inapiga Braamfontein, mara ya kwanza."

Msusi akacheka. "Mwanaume mzima, Papa?"

"Mwanzoni mwa miaka ya sabini, vijana wa Uingereza walipiga roki kwenye vibaa na hakuna aliyewajali," akajibu. "Siku walipotokea kwenye televisheni wanametameta, na viatu vya visigino virefu, nchi nzima ikawajua."

Sote tukamgeukia mama, tukisubiri amkemee. Akamshika mwanawe kidevu, akamwelekeza kwenye mwanga.

"Baba yako alivalaka viatu kama vile, kule Lubumbashi. Nilimuonaka kwa mbali, nikamupenda." Kisha akamwambia msusi, "Ongeza huku. Hata wale wa nyuma wamuone."

Sisi wageni wa Johannesburg huwafundisha watoto wetu kupita kimyakimya, wasitambulike, wasije wakashambuliwa kwa ugeni wao. Siku hiyo nilimsikia mzazi akitaka mwanawe aonekane, nikatamani angetuzaa sote.