Wino Mwekundu na Hofu ya Ukoma

Siku yangu ya kwanza katika kliniki ya ngozi, Bukoba mjini, nilimkaribisha mgonjwa, nikashika kalamu na kuanza kumuuliza maswali. Mganga Mfawidhi, mkuu wetu, alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Kijana, unaandika nini na hujamwona?"

"Nachukua historia yake, mkuu."

"Mpeleke dirishani kwanza. Huyu ameshatazamwa vibaya na kijiji kizima. Wewe mtazame vizuri."

Kwa neno hilo nimemshukuru Mungu miaka yote ya utumishi wangu. Mkuu yule alitufundisha kuitazama ngozi kwa mwanga wa jua, kisha kuipapasa, maana jicho hudanganywa na rangi, lakini vidole huhisi kilichovimba na kilicho bapa.

Kutoka hapo nilihamishiwa zahanati ya kisiwani Bumbire. Wavuvi wengi walikuwa na tatuu za wino mweusi: jina la mama, msalaba, samaki. Ngozi zao zilitulia. Niliporudishwa nchi kavu, Muleba, vijana walikuwa wameanza kuchorwa kwa mashine na kwa wino wa rangi, na hapo nikakutana na ugonjwa ambao chuoni tuliupita haraka. Wino hubaki ndani ya ngozi, na miili ya baadhi ya watu huukataa. Huo ndio mzio. Mwekundu ndio wenye taabu zaidi. Waweza kukaa kimya miezi, hata miaka, kabla ngozi haijaanza kuwasha na kuvimba.

Mgonjwa mmoja nitamwita Koku. Alikuwa binti wa wakulima wa upande wa Rubya, amechumbiwa, na ndoa yake ilikuwa imetangazwa kanisani mara mbili. Lilibaki tangazo la tatu. Aliletwa na shangazi wa mchumba wake. Koku aliketi kwenye benchi. Shangazi akabaki amesimama.

"Karibu uketi, mama."

"Nimezoea kusimama. Daktari, waitu, mheshimiwa wetu, sema mbele yangu. Kijijini kwetu kuna nyumba iliyoingiwa na ukoma, na mabinti wake wamezeekea kwa baba yao."

"Mimi sina ukoma," alisema Koku.

"Hukuulizwa wewe. Ameulizwa daktari."

"Mkono ni wangu, shangazi."

Nikampeleka dirishani. Juu ya kifundo cha mkono palichorwa ua lenye petali nyekundu, majani ya kijani na kikonyo cheusi. Majani na kikonyo vilikuwa bapa. Petali peke yake ndizo zilizovimba, ngumu, bila kuvuka mstari wa mchoraji. Ili kutuliza muwasho, Koku alikuwa amezipaka utomvu wa mgomba, nao ukaacha madoa meusi kuzizunguka. Madoa hayo ndiyo yaliyomtisha shangazi.

Mratibu wa Kifua Kikuu na Ukoma wa wilaya alizoea kutuambia, "Ukoma huiba hisia. Usibishane na hofu, ipime." Basi nikamwambia Koku afumbe macho, nikamgusa kwa ncha ya pamba, mara kwenye petali, mara kwenye doa, mara kwenye ngozi isiyo na dosari. Kila nilipogusa, alipaonyesha kwa kidole. Nikapapasa mshipa wa fahamu kwenye kiwiko, haukuwa umenenepa kama unenepavyo kwa wenye ukoma. Kisha nikampa shangazi pamba ajaribu mwenyewe.

"Huyu anachungulia," alisema, akamfunika uso kwa khanga yake. Koku akaonyesha tena bila kukosea.

"Hapo umebonyeza sana, shangazi."

"Basi lichomeni hilo ua litoke," shangazi akaniambia.

Nilimweleza kwamba kuuchoma wino ambao mwili umeukataa kwaweza kuusambaza, na mzio ukaenea mwili mzima. Nilikata kipande kidogo cha ngozi kwa ajili ya maabara, nikadunga dawa ya kutuliza uvimbe ndani ya petali. Majibu yalithibitisha mzio. Uvimbe ulishuka polepole, lakini haukuisha.

"Nyumbani nitawaambia nini?" shangazi aliuliza siku ya majibu.

"Waambie hana ukoma, na hawezi kumwambukiza mtu. Waambie pia kwamba ua hili litaendelea kumwasha."

"Hiyo ni nusu ya habari njema."

"Ndiyo iliyo kweli, mama."

Sasa nimestaafu, nahudumia migomba yangu na kusali. Vijana wa kazi hii huniuliza niliponya wangapi. Sijui. Sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kumwambia mtu kwa uhakika ugonjwa asiokuwa nao, kisha kumwomba Mungu awape wenzake moyo wa kumsogelea. Pamba yaweza kuonyesha kwamba hisia zipo. Haiwezi kumlazimisha mtu kumshika mwenzake mkono.

Siku ile ya majibu Koku alikuja na kahawa ya kutafuna, kama tunavyomkirimu mtu kwetu, imefungwa kwenye jani la mgomba. Akazimimina buni kwenye kiganja cha mkono uleule, akaninyooshea. Kabla sijachukua, shangazi alipeleka vidole vyake katika kiganja kile, akaokota chache, akazitafuna huku akimtazama Koku.

"Umezikausha vizuri," alisema, kisha akaketi karibu naye.

Jumapili iliyofuata tangazo la tatu lilisomwa.